Simu ya Salamu

Kuhama nyumba ni adhabu, lakini kuhama ofisi bila kutoka ndani ya jengo ni adhabu na dhihaka juu yake. Ungeiona idara ile ya usalama wa taifa Jumatatu ile asubuhi, ungecheka mpaka ukae chini: maboksi korido nzima, makabati ya chuma yamelala chali, na watu wazima na shahada zao wanagombania plagi ya birika. Kisa ni nini? Kurugenzi ya Sera ya ghorofa ya nne na Kurugenzi ya Mambo ya Kimataifa ya ghorofa ya pili zilikuwa zinaunganishwa. Na wala si mara ya kwanza, jamani. Zamani zilikuwa moja, zikatenganishwa ili kuleta ufanisi. Zikaunganishwa, ufanisi. Zikatenganishwa tena, ufanisi huohuo, ambao mpaka leo hajatokea mtu wa kusema ameuona kwa macho yake. Safari hii waliitwa washauri wenye tai nyembamba, wakakaa miezi, wakanywa chai ya serikali, kisha wakasema ziunganishwe.

Mkurugenzi wa Mambo ya Kimataifa alikuwa mama mmoja ambaye jengo zima lilimwita Shangazi, kuanzia Katibu Mkuu hadi walinzi wa getini. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa juu ya boksi la majalada kwa sababu kiti chake kilikwisha kupandishwa juu bila kumwuliza. Alikuwa amechoka. Na uchovu wake haukuwa ule unaolala nao ukaamka umekwenda zake. Huu aliamka nao, akapiga nao mswaki, akaja nao kazini.

Kilichomchosha si maboksi. Wakurugenzi walikuwa wawili na kiti kimekuwa kimoja, na wahenga walishasema fahali wawili hawakai zizi moja. Fahali wa pili alikuwa mkurugenzi wa Sera, waliyemwita Profesa. Hakuwahi kufundisha hata chekechea, Profesa huyo. Jina alilipata kwa sababu ukimwuliza saa ngapi, anakuuliza kwa nini unataka kujua. Ijumaa ya wiki iliyofuata Katibu Mkuu angemtaja mmoja wao. Atakayeachwa angepewa cheo cha mshauri, chumba kando ya stoo ya karatasi, na muda wa kutosha wa kuhesabu mbao za dari.

"Achia, mama watoto," mumewe alimwambia tangu mwanzo. Alikuwa dereva wa treni mstaafu, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. "Reli ikiisha dereva anashuka. Hakuna wa kumlaumu."

"Nitashuka," Shangazi alijibu. "Ila nishuke mwenyewe. Sitaki kusukumwa na Profesa."

Basi, hilo ndilo alilolitaka. Hakutaka mshahara wala gari. Alitaka miaka miwili aliyobakiza aimalize kwenye kiti, aage, apigiwe makofi, atoke kwa mlango wa mbele. Ni jambo dogo, utasema. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sasa nikueleze habari ya simu, maana bila hiyo hutanielewa.

Nchi ile imepakana na nyingine kwa mto, na juu ya mto kuna daraja. Zamani, kabla Shangazi hajaajiriwa, askari wa upande huu waliona moto ng'ambo wakadhani ni ishara ya kuvamiwa. Wakafyatua risasi. Kumbe ni mkulima anachoma magugu yake. Watu walikufa daraja zima, na baada ya kuzika, wakubwa wa idara mbili za usalama wakakutana, wakapatana jambo ambalo huwezi kulikuta katika mkataba wowote: kila siku ya kazi, asubuhi, upande huu utapiga simu ng'ambo kusalimia. Kusalimia tu. Ni marufuku kutaja kazi, mpaka, askari au ombi. Mwenye shida atumie simu nyingine. Na sharti moja zaidi: wanaopiga ni hawa, kwa kuwa ndio waliofyatua. Wale wa ng'ambo hawapigi hata iweje, maana wakipiga wao ni kama kusema, "Vipi, mna nini na sisi?"

Shangazi alirithi simu hiyo kutoka kwa bosi aliyemtangulia. Anayepokea ng'ambo alikuwa mzee mmoja. Yeye alimwita Jirani, na mzee naye alimwita Jirani, na hawakuwahi kuonana hata siku moja. Kwa miaka yote hiyo walizungumza yale ya watu wanaokutana kisimani. Umeamkaje, watoto hawajambo, mvua je, goti linasemaje. Shangazi alijua jino la mjukuu wa mzee lilipong'oka. Mzee alijua Shangazi aliponyimwa cheo, ingawa hakuambiwa. Aliisikia sauti tu, akasema, "Jirani, leo kunywa chai yenye sukari." Kuna ndugu wa tumbo moja wasiojuana hivyo.

Washauri wa tai nyembamba walipouliza, "Simu hii inazalisha nini?" Shangazi alikosa jibu la kuwatosheleza. Lakini yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuchora chati ya muundo mpya, akaisitiri simu humo humo: akachora kisanduku, akakiita Dawati la Majirani, akaandika chini yake "mawasiliano ya kila siku". Kisanduku kilipendeza sana. Tatizo, hakikuwa na mtu. Profesa alitaka aketi mtu wake, Shangazi alitaka aketi wake, na walipokuwa wanavutana kisanduku kikabaki kitupu.

Jumatatu ile ya maboksi, Shangazi aliitwa mapema kwa Katibu Mkuu kuulizwa habari za vyumba. Akajisemea, naibu wangu atapiga. Naibu alikuwa kijana msomi wa kutii maandishi. Akaitazama chati, akaona simu ni ya Dawati la Majirani, na Dawati liko ghorofa ya nne, akajua Sera watapiga. Watu wa Sera nao waliposikia neno "simu" walijua hayo ni mambo ya Kimataifa, watu wa kupenda kuongea. Jumanne Shangazi alikuwa anapigania dirisha la katibu muhtasi wake. Jumatano alikuwa anaandika hotuba ya kumshinda Profesa. Alhamisi alisahau. Na baada ya hapo, mwenzangu, alisahau kwamba amesahau, na hapo ndipo mtu hana dawa.

Ijumaa ya wiki ya pili ikafika. Chumba cha mikutano kilinuka rangi mpya. Katibu Mkuu, waliyemwita Mkubwa hata mbele yake, alikuwa mtu mnene mwenye upole wa kuogopesha. Aliingia na kikombe mkononi, akasema ajenda ya kiti isubiri kidogo.

"Wenzetu wa ng'ambo wamefunga daraja usiku," alisema. "Malori yamepanga foleni mpaka sokoni. Na wamechimba mahandaki upande wao. Kuna mtu wa kunieleza?"

Profesa alikuwa amejiandaa, mtu wa kujiandaa yule. Akawasha projekta. Vijana wake walikuwa wamekesha na walikuwa na maelezo matatu: uchaguzi wa ng'ambo, madini ya ng'ambo, na taifa kubwa lisilotajwa linalowachochea. Kila elezo lilikuwa na mishale. Mishale ilikuwa na rangi. Mwisho wake kulikuwa na pendekezo: na sisi tupeleke kikosi darajani, kwa tahadhari.

"Dalili zilianza lini?" Mkubwa aliuliza.

"Jumatatu ya wiki iliyopita," Profesa akasema. "Mchana wa siku hiyo waliongeza askari wawili getini. Kesho yake wanne. Wameongeza kila siku, polepole, kama vile kuna kitu wanakingoja."

Shangazi alikuwa anaipitia hotuba yake chini ya meza. Aliposikia Jumatatu, karatasi ikamtoka mkononi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema, na watu hawa wa usalama kazi yao yote ni kusikiliza vimya vya watu wengine. Lakini kimya chao wenyewe hakuna aliyekisikia. Wasomi chumba kizima, mishale ya rangi tatu, na hakuna aliyejiuliza kama sisi tumeamkia watu.

Mdomo ulimfunguka aseme. Akaufunga. Niseme ukweli, aliufunga kwa ajili ya kiti. Mkubwa alikuwa amemtazama tangu aingie kwa jicho la mtu aliyekwisha kuamua jambo jema, na jicho hilo Shangazi alilijua, alilingoja miaka. Akaomba dakika za kwenda maliwatoni, akampita Profesa akamvuta shati.

Koridoni, kati ya maboksi, alimwuliza, "Watu wako wanapiga simu ya asubuhi?"

"Simu gani?" Profesa akasema. Kisha akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Si mnapiga nyinyi?"

"Chati inasema Dawati."

"Dawati halina mtu."

"Ninajua halina mtu, ndugu yangu! Mimi ndiye niliyelichora!"

Walitazamana. Hapo ndipo Profesa angemmaliza, na haki ya Mungu angeweza, kwa neno moja tu kwa Mkubwa. Badala yake alivua miwani akajifuta uso, na Shangazi akaona kwamba huyu naye amezeeka, macho yamemwingia ndani, na shati lake ni la jana.

"Tuseme waya," Profesa alinong'ona. "Wakati wa kuhama waya ulikatika. Hakuna mwenye kosa. Wewe unabaki safi, na mimi nabaki safi."

Wakarudi ndani, Profesa akamwambia Mkubwa hivyohivyo, kwamba ni hitilafu ya kiufundi, ndiyo kwanza imegundulika. Mkubwa alipumua, akasema Mungu mkubwa, hili ni jambo la kumalizwa kwa simu moja. "Mpigie, Shangazi. Mweleze habari ya waya. Serikali haisemi imesahau, lakini waya hauna serikali." Watu wakacheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Chombo cha simu kikatafutwa kwenye maboksi, kikapatikana chini ya mapazia, kikachomekwa mezani na spika ikafunguliwa ili wote wasikie.

Simu iliita mara moja tu, ikapokelewa.

"Jirani," Shangazi akasema.

"Jirani!" Sauti ya mzee ilipanda, ikashuka haraka. "Jirani, sauti yako tu nimeshukuru. Ila nikwambie mapema, sipo peke yangu. Nina wakubwa zangu hapa na wanasikia."

"Na mimi nina wangu."

"Basi vizuri, tusikilizwe." Mzee alikohoa. "Wakubwa zangu wameniuliza tangu ile Jumatatu: kwa nini wamenyamaza? Nikawaambia, mama huyu namjua, hanyamazi kwa ubaya. Kesho yake wakauliza tena. Nikasema namdhamini. Wakaniambia, labda umezoezwa kubembelezwa kila asubuhi ili siku ya siku usione kitu. Miaka yote hiyo, Jirani, wanasema nimelishwa salamu kama mtoto anavyolishwa pipi. Nimesema hapana. Sasa fundi wetu amepima waya, kasema waya ni mzima mpaka mezani kwenu. Kwa hiyo leo wameniambia neno la mwisho: mama yako huyo akipiga akasema waya, tutajua yeye ni mwongo na wewe ni mjinga, na utaondoka hapa bila ya shukrani. Haya, nimemaliza. Habari za siku nyingi?"

Chumba kikawa baridi. Mkubwa aliinua kidole, akakitikisa polepole: usiseme. Profesa alikuwa anaangalia meza. Shangazi aliona kiti, kile kiti cha ngozi mwisho wa meza kilichokuwa hakijatolewa nailoni, akakiona vizuri tu, na hasira zikampanda, si kwa mtu yeyote ila kwa wiki zile mbili, kwa dirisha na plagi na hotuba, kwa nafsi yake iliyokuwa inakimbizana na vitu vya kukalia.

"Hakuna waya, Jirani," alisema. "Waya ni mzima. Nilisahau."

"Ulisahau nini?"

"Kupiga. Tunaunganisha ofisi huku, tunahamisha makabati, mimi na mwenzangu tunagombania kiti. Kazi ya kupiga nikaiweka kwenye kisanduku kisicho na mtu. Halafu nikasahau. Hakuna kikosi, hakuna mpango, hakuna mtu aliyewakasirikia. Kosa ni letu, na katika sisi ni langu."

Mkubwa alishusha kidole.

Upande wa pili ikasikika sauti nyingine, nzito, ya mkubwa wa huko. "Mnaunganisha zipi na zipi?"

"Sera na Kimataifa," Shangazi akajibu.

"La haula!" Na yule mkubwa akaangua kicheko, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia, na wengine nyuma yake wakafuata. "Sisi tumeunganisha mwaka juzi! Mpaka leo muhuri wetu hatujui uko ghorofa gani!" Akasema daraja litafunguliwa alasiri. Akasema mahandaki yatafukiwa, na kwamba mzee wao alikuwa sahihi, kisa cha namna hii hakuna anayeweza kukitunga. Chumba cha huku nacho kikacheka. Watu walishikana mabega. Profesa alizima projekta, mishale ikatoweka ukutani.

Mkubwa hakucheka. Alimwinamia Shangazi, akasema kwa upole wake ule, "Umefanya vyema. Lakini unaelewa kuwa siwezi tena."

"Naelewa, Mkubwa."

Wakatoka mmoja mmoja kwenda kunywa chai. Shangazi alibaki, akaifunga spika, akainua mkono wa simu akauweka sikioni. "Jirani, bado upo?"

"Nipo. Wao wametoka."

"Nimekuponza. Nisamehe."

"Hukuniponza. Kazi yangu imebaki." Mzee akashusha sauti. "Kwa hiyo mzee wako mzima?"

"Mzee wangu? Mzima. Kwa nini?"

"Mara ya mwisho uliniambia kifua kinamsumbua. Uliponyamaza nikajua, basi, ameondoka. Niliwaambia hivyo wakubwa wangu: mama amefiwa. Mke wangu amekuombea kila siku, na mimi nilikuwa nimeshatunga maneno ya kukupa pole, nimeyakariri, maana sheria hairuhusu nipige mimi. Nimekaa na msiba wako wiki mbili, Jirani. Nilifikiri mengi. Nilifikiri umefiwa, nilifikiri umefungwa, hata vita nilifikiri." Akavuta pumzi. "Kusahauliwa sikufikiri."

Shangazi aliushika mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Haya," mzee akasema, bila ukali wowote. "Msalimie mzee. Niwapishe mwendelee kuhama." Na simu ikakatwa.

Jioni alifika nyumbani, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye ngazi badala ya kuingia. Mumewe alikuwa anamwagilia miche yake ya mboga, akikohoa. Akamwona, akaweka ndoo chini.

"Wamempa Profesa?"

"Wamempa."

"Basi ndiyo unalia? Kiti, mama watoto? Mti na misumari?"

"Silii kiti," Shangazi akasema. "Namlilia yule wa ng'ambo, wa kwenye simu."

"Amekufa?"

"Hapana. Alidhani umekufa wewe. Amekulilia wiki mbili, yeye na mkewe."

Mumewe alicheka, akajipapasa kifua kama mtu anayehakikisha, kisha kicheko kikamwishia. Akaja akakaa kando yake kwenye ngazi.

"Watu wema hao," alisema. "Na wewe wiki hizo ulikuwa wapi?"

"Mimi nilikuwa kikaoni."